Mizizi kwa Mwalimu, Maua kwa Nundu

Watu wa mtaa ule walimwita Nundu, na ukimwona kwa nyuma, mabega yalivyojaa na shingo ilivyozama katikati yake, huna haja ya kuuliza kwa nini. Alikuwa na bucha kwenye kona karibu na posta. Sauti yake ilikuwa ya besi, aproni yake ina madoa, na shoka lake likitua kwenye gogo, vikombe vya duka la jirani vilitingishika. Wateja wenye maneno mengi waliyapunguza wakifika mbele yake. Hata mbwa wa mtaa, waliojua fika kwamba mifupa ipo, walikaa ng'ambo ya barabara wakisubiri waitwe.

Basi mtu huyo, pamoja na ubabe wake wote, alikuwa anapanda kwake kwa ngazi ya nyuma, ile ya mapipa ya taka, akinyata kama mwizi wa kuku. Sababu ilikaa ghorofa ya kwanza, chini ya miguu yake kabisa. Ilikuwa na goti bovu na miwani iliyofungwa kamba.

Yule mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule aliyosoma Nundu. Wanafunzi walimwita Kengele, kwa siri sana, maana sauti yake ikitoka ofisini ilifika mpaka vyooni, na waliojificha vyooni walitoka wenyewe, mikono juu. Nundu alikuwa mmoja wa watu wa vyooni. Hesabu hazikumwingia, imla haikumwingia, kilichomwingia ni adhabu peke yake. Alipoacha shule alikwenda kwa mjomba wake kujifunza kukata nyama, na huko akagundua kwamba mkono wake una akili kuliko kichwa chake. Akafungua bucha yake, akaoa mshona mapazia mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi, watoto wakakua wakaenda kujitegemea. Shule akaisahau. Lakini siku aliposikia kikohozi alichokijua tangu shuleni kikipanda ngazi nyuma ya wachukuzi waliobeba kabati na masanduku ya vitabu, miguu iligeuka yenyewe, ikamkimbiza juu.

"Ni yeye," alimwambia mkewe, mgongo ameugandisha kwenye mlango.

"Yeye nani?"

"Kengele. Amehamia chini yetu."

Mkewe alisimamisha cherehani. "Mzee mzima wewe! Si ushuke ukamwamkie, umkaribishe?"

"Ataniuliza kitu."

"Atakuuliza nini?"

"Chochote! Yule hakosi la kuuliza."

Ikawa ndivyo. Bahati nzuri Mwalimu hakuwa mla nyama, meno yake yalikuwa yameshakata shauri hilo, kwa hiyo buchani hakufika. Nundu akazoea harufu ya mapipa, na maisha yakaendelea.

Asubuhi moja alikuwa ananyoa ndevu sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu taa ya bafuni ilikuwa imeungua na kila mmoja ndani ya nyumba alikuwa akimsubiri mwenzake aibadilishe. Povu limemjaa mashavuni, akaona waya. Ulikuwa mwembamba, rangi ya kahawia, umepenya katikati ya nondo za dirisha na kujizungusha kwenye bomba la pazia. Majirani wa jengo lile walikuwa na tabia ya kuvuta nyaya za antena kila upande.

"Hawa watatuvutia nyaya mpaka puani!" akanguruma. Akaushika waya na kuupiga mvuto mmoja, mvuto wa mtu aliyezoea kuchuna ng'ombe.

Waya ukakatika. Kisha ukatoa maziwa.

Nundu akabaki anatazama kidole chake. Mkewe akaja, akatazama kidole, akatazama waya, halafu akachungulia nje. Ule uzi ulishuka ukutani, ukapita nyuma ya bomba la maji machafu, na kadiri ulivyoshuka ndivyo ulivyoota majani, mazito, yanayong'aa, manene kama ndewe za masikio, hadi ukaishia kwenye chungu cha udongo kilichokaa juu ya kibao nje ya dirisha la chini.

"Mume wangu," mkewe akasema taratibu, "hicho si cha antena."

Nundu akaiachia ile ncha. "Nimemkata Mwalimu!"

"Umekata mmea."

"Mmea wa Mwalimu!"

Mtu wa bucha hakosi plasta mfukoni. Nundu akatoa moja, akaifunga ile ncha iliyokuwa ikichuruzika, akaibana vizuri kama kidole cha mtoto, akarudi kwenye ndevu, lakini macho yakabaki dirishani. Siku hiyo alienda kazini na upande mmoja wa kidevu umenyolewa.

Ubaya wa plasta ni kwamba inaonekana. Jioni mlango ukagongwa taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na wasiwasi kwamba hatafunguliwa. Nundu alikijua kikohozi kilichofuata. Kabla mkewe hajasema karibu, alikuwa ameshajifungia bafuni, gizani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona mgonjwa wangu. Nilikuwa nanyweshea maji, nikainua macho, nikaona amefungwa plasta. Kazi nimefanya miaka mingi, lakini hilo sijapata kuliona."

Mke wa Nundu akacheka, akamwelekeza dirishani. Kutoka bafuni Nundu alisikia kiti kikivutwa na goti likilalamika. Mwalimu akaeleza, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba mmea ule wengine huuita ua la nta, kwa jinsi maua yake yanavyong'aa kama yamemwagiwa mshumaa. Zamani dirisha lake lilipata mwanga wa kutosha. Tangu jengo la jirani liongezwe ghorofa, chumba kimekuwa giza, na mmea ukaamua mwenyewe kupanda juu kutafuta mwanga.

"Ukiona kamba tupu isiyo na jani, usidhani imekufa," akasema. "Hiyo inatangulia kutafuta pa kushika. Ikishashika, majani hufuata nyuma. Sasa imechagua kwenu, nami siwezi kuirudisha. Huu mmea una kiburi. Ukiuhamisha-hamisha unanuna, hautoi ua."

"Tutautunza, Mwalimu."

"Na huyo aliyejifungia huko ndani ni nani?"

"Ni mume wangu, Mwalimu. Anaoga."

"Mbona sisikii maji?"

Nundu akafungulia bomba la mvua kwa nguvu zake zote, na kwa haraka ile akasahau kujitoa chini yake. Maji yalimshukia na shati lake, na mkanda wake, na viatu vyake.

"Sasa nasikia," akasema Mwalimu. "Basi akimaliza kuoga, mwambie ana kazi moja tu. Asifanye kitu. Mizizi iko kwangu, maji nayatoa mimi, udongo ukikauka ndipo nanyweshea tena. Kwenu ni kuuacha upate mwanga. Ataweza?"

"Sidhani," alisema mkewe kwa ukweli kabisa.

Na kweli hakuweza. Kwanza ilikuwa woga. Kila akiamka alikwenda kuhakikisha mmea haujafa mikononi mwake. Chini ya plasta kukachipuka ncha mpya, halafu majani mawili mawili, madogo, mekundu kidogo, yakinenepa kila wiki. Kisha ikawa kitu kingine ambacho hakukitafutia jina. Alianza kuyapangusa vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Akamkataza mkewe kufunga pazia mchana. Akawa anauamkia mmea kabla ya kumwamkia mkewe, na mkewe akamwambia kwamba hilo amelisikia na ameliweka moyoni.

Jambo moja tu lilimkera. Mmea ulizunguka bomba lote la pazia, ukashuka upande wa pili, ukawa kama shada la harusi, lakini ua hata la dawa. Nundu akaupima kwa jicho la kazi yake. Aliamini kwamba kila ugonjwa chini ya jua una jina moja, nalo ni upungufu wa nyama.

"Huu una njaa," akamwambia mkewe. "Yule mama anaunywesha maji matupu. Kiumbe mzima, maji matupu!"

"Uliambiwa usifanye kitu."

"Sifanyi kitu. Naulisha tu."

Akaleta kutoka buchani damu kidogo, akaichanganya na mchuzi wa mifupa uliopoa. Alfajiri, Mwalimu akiwa ametoka kwenda kunyoosha goti lake barabarani, Nundu alilala kifudifudi dirishani, akateremsha kipande cha mpira wa maji kupitia nondo mpaka kwenye chungu, akamimina polepole. Akafanya hivyo tena siku iliyofuata. Na iliyofuata. Mtu mwenye huruma hajui pa kukomea.

Paka wa kwanza alikuja peke yake. Aliporudi alikuja na jamaa zake. Kabla juma halijaisha ukuta wa dirisha la Mwalimu ulikuwa umejaa paka, wamekaa safu kama wajumbe wa mkutano mkuu, wakikitazama kile chungu kwa heshima. Nzi nao wakaja, wale wa kijani. Mwalimu alidhani panya amefia nyuma ya kabati. Akatoa vitabu vyote, hakuna panya. Akamwita fundi bomba, ambaye alifungua mabomba yote, akayanusa, akayafunga, akasema tatizo ni la jengo zima. Alipoondoka, Mwalimu akavaa miwani, akainama juu ya chungu, akavuta pumzi. Akavua miwani. Akatafuta mkongojo wake.

Buchani palikuwa pamejaa, maana ilikuwa siku ya watu kulipwa. Nundu alikuwa ameinua shoka juu ya paja la ng'ombe, ananguruma kwa mteja kwamba nyama haina mfupa mdogo, ina mfupa wake, mara kikohozi kikapasua foleni katikati.

Shoka likabaki hewani.

"Teremsha hicho," akasema Mwalimu. "Njoo mbele."

Wateja hawakuamini macho yao. Nundu aliweka shoka chini, akafuta mikono, akazunguka gogo, akasimama mbele ya kimama kile kilichomfikia kifuani. Mikono yake ikaenda nyuma ya mgongo yenyewe.

"Nani amemwaga damu kwenye chungu changu?"

Angeweza kusema sijui. Mtu wa miaka yake, mwenye bucha, mwenye wajukuu njiani. Badala yake mkono wake wa kulia ukapanda juu, kidole kimoja kimenyooka.

"Mimi, Mwalimu."

Bucha nzima ikaangua kicheko. Mteja mmoja mwenye kikapu aliketi chini kabisa. Mwalimu peke yake hakucheka.

"Jioni uje kwangu. Uje na mikono mitupu, usije na nyama hata chembe. Tutabadilisha udongo. Mimi peke yangu siwezi kukiinua chungu."

Jioni ile Nundu aliingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba ambacho dari yake ilikuwa sakafu ya kwao. Vitabu vilikuwa kila mahali, na kiti kimoja tu kilichokuwa kimebonyea, kile cha Mwalimu. Viti vingine vilikuwa vipya kama vilivyotoka dukani, havijawahi kukaliwa. Nundu alikaa kwenye ukingo wa kimojawapo kama anayesubiri daktari wa meno.

Kazi yenyewe ilikuwa na balaa lake. Mmea ulipaswa kutolewa kwenye chungu, uoshwe mizizi, upandwe upya, na huku kichwa chake kimejifunga ghorofa ya juu. Ukivuta chini, unang'oa juu. Ikabidi mke wa Nundu asimame dirishani kwake akiwa amekumbatia mmea, Nundu asimame chini akiwa amekumbatia chungu, na Mwalimu akae katikati akitoa amri.

"Legeza huko juu!"

"Nimelegeza, Mwalimu!" sauti ikashuka.

"Umelegeza sana! Shika!"

"Nishike au nilegeze?"

"Mama watoto, msikilize Mwalimu!" akafoka Nundu.

"Wewe usinifokee! Ulikuwa unaoga na viatu!"

Mwalimu akamtazama Nundu juu ya miwani. Nundu akatazama mizizi. Chini barabarani watu wawili walikuwa wamesimama wakijaribu kuelewa ni mgonjwa gani anateremshwa.

Udongo ule wenye uvundo ukamwagwa. Mizizi ikaoshwa kwa maji safi, ikapandwa kwenye mchanganyiko wa Mwalimu mwenyewe: udongo mwepesi, vipande vya mkaa, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na kokoto za chini ili maji yasituame. Nundu alikuwa amekuja na wazo la chungu kikubwa zaidi. Mwalimu akakataa.

"Huu hupenda kubanwa kidogo. Ukiupa nafasi kubwa unajenga mizizi tu, unasahau maua. Na ukiushibisha ovyo unaoza."

Nundu akaitikia kwa kichwa, akashindilia udongo kwa vidole gumba. Akiwa ameinama hivyo, bila kumwangalia, akapata ushujaa. "Mwalimu, ulinijua lini?"

"Siku niliyohamia. Nilipanda ngazi, nikaona mtu mkubwa anakimbia kwa visigino vilevile. Unadhani mwanafunzi anasahaulika kwa kuota mabega?" Akapangusa miwani kwa upindo wa nguo. "Nikasema, huyu atakuja kuniamkia. Nikamsubiri. Halafu nikaanza kusikia mapipa ya taka yanaanguka kila jioni."

Nundu akanyanyuka, akafuta udongo mikononi. Akasema tu, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu yule mama. "Umechelewa, lakini umefika. Shindilia upande huu pia."

Miezi ikapita bila mtu kuulisha mmea. Joto lilipoanza kupanda, matumba yakajitokeza, si chini kwa mwenye mizizi, bali juu, kwenye dirisha la Nundu, mafungu ya vinundu vidogo kama shanga za udongo. Nundu alishuka ngazi mbili mbili kutoa habari. Mwalimu akasimama, akakaa. Goti lilikuwa limevimba wiki ile.

"Nitakubeba, Mwalimu. Mimi hubeba nusu ya ng'ombe begani, sihemi."

"Mimi si nusu ya ng'ombe."

Akapanda mwenyewe, ngazi moja, pumziko moja, huku Nundu akimfuata nyuma amenyoosha mikono kama anayekinga embe lisianguke. Mtaani watu wana msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alikuwa mkuu mwenyewe, na guu ndilo hilo. Lakini alifika.

Maua yalifunguka jioni ya pili yake. Kila fungu lilikuwa mpira mdogo wa nyota, nyeupe zenye moyo mwekundu, kama zimechongwa kwa sabuni. Jua lilipozama harufu ikaanza, tamu na nzito, ikajaa sebule mpaka korido. Mwalimu alikaa kwenye kochi, mkongojo magotini, akanyamaza. Nundu hakuwahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo, akaogopa.

"Mwalimu, unaumwa?"

"Nyamaza, ninanusa."

Toka jioni hiyo akawa anapanda kila siku. Na Nundu, aliyekula vumbi la mapipa ili asikutane naye ngazini, akawa naye kwenye kochi lake, Mwalimu akisahihisha matamshi ya msomaji wa habari, akipunguza sauti ya televisheni, akimuuliza mwenyeji saba mara nane, naye akijibu hamsini na nne kwa kujiamini kabisa.

Vita vililetwa na asali. Maua yale hudondosha utamu, matone mazito yanayonata, na chini yake mke wa Nundu alikuwa ametandaza mezani mapazia meupe ya bibi harusi mmoja. Asubuhi akayakuta yameganda kama karatasi. Akachukua mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia kitambaa kigumu, akaenda dirishani. Nundu akatangulia, akasimama mbele ya mmea, mikono imetanda.

"Utanikata mimi kwanza."

"Usinijaribu, baba watoto! Leo nina hasira na mkasi!"

"Sogeza meza! Mmea hausogezwi, una matumba mengine nyuma!"

Walitazamana. Kisha mkewe akalitazama lile jitu lililoyakinga maua kwa tumbo, mkasi ukashuka, akaanza kucheka mpaka akaegemea cherehani. Meza ikasogezwa. Mapazia yakafuliwa kwa maji ya uvuguvugu, na bibi harusi aliyaona yananukia vizuri akauliza sabuni gani.

Maua yalipokauka na kuanguka, Mwalimu alimfundisha la mwisho. Vile vikonyo vitupu visikatwe hata vikionekana vimekufa, maana ua jipya hutoka papo hapo. Akamwonyesha pia jinsi ya kukata tawi lenye vifundo viwili, kuacha utomvu ukauke, kisha kulichomeka kwenye udongo wenye unyevu kidogo. Nundu, aliyekuwa akikata kutwa kucha, aliposhika kisu alifumba macho, ikabidi mkewe amshike kiwiko.

Lile tawi lilishika. Alilipeleka buchani, akaliweka kwenye kidirisha cha mbele, mbali na damu na barafu, na likaanza kupanda taratibu kuelekea kwenye kulabu. Mwalimu akawa anapita kulikagua, ingawa nyama hanunui. Siku moja, foleni imefika mlangoni, aliinama, akabonyeza jani.

"Umelizidishia maji."

"Sijazidisha, Mwalimu," akasema Nundu. "Ni baridi ya asubuhi."

Foleni nzima ikamgeukia. Hata yeye mwenyewe alishtuka kusikia alivyojibu.

"Baridi? Jani la baridi halilegei hivi."

"Linalegea! Njoo uone hili la nyuma, limelegea vilevile, na maji sijatia tangu wiki iliyopita. Tia kidole kwenye udongo, Mwalimu. Tia kidole!"

Mwalimu akatia kidole. Akakitazama. Akakitia tena upande wa pili. "Huku pamekauka," akakiri, "lakini huku chini je?"

"Chini kuna kokoto!"

"Nani alikwambia uweke kokoto kubwa hivi?"

Mwanamume mmoja mwenye mfuko akajikohoza. "Samahani, jamani. Mimi nataka kilo moja tu, bila mfupa—"

"Subiri!" wakamwambia wote wawili kwa pamoja, bila kugeuka, na wakaendelea kubishana.